Mvua, Boriti na Eda ya Mama

Mimi nina ulimi mkali, na wanaonijua watacheka wakisikia kuna mafundi wawili ambao nikiwakumbuka hadi leo hushindwa kuwasema ila kwa mema. Wacha wacheke. Hawakuwako.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, vuli ilipoanza ikakataa kukoma. Baba alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma, na mama alikuwa amekaa eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki nyumbani, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Ndugu zangu wawili walikuwa Uarabuni kutafuta riziki. Nyumbani tulibaki mimi na yeye, ghorofani, vyumba viwili pale Mji wa Kale. Chumba cha mbele ndicho chenye mlango wa kuingilia na ngazi ya kupandia darini, juu ya paa, kwa hivyo mgeni yeyote hupitia hapo. Mama alikuwa na chumba cha nyuma tu.

Na chumba hicho cha nyuma ndicho kilichoanza kuoza. Asubuhi moja aliamka akakuta mchanga na vipande vya chokaa juu ya mto wake. Nilipoinua macho nikaona boriti mbili za mkoko, zilizobeba dari la mawe tangu enzi za babu, zimepinda.

Basi nikatafuta mafundi. Wa kwanza aliangalia akiwa chini barabarani, akasema hapandi nyumba inayotaka kulala. Wa pili alipanda, akateremka, akanambia, "Mtoe huyo bibi kwanza, maneno ya eda baadaye." Huyo, maneno niliyomwambia siyaandiki. Hata shekhe wa mtaa alituma salamu kwamba penye hatari ruhusa ya kuhama ipo. Mama akanijibu, "Mwambie nashukuru. Mimi nimeishi na baba yako miaka arobaini. Sihami." Mimi nilitaka mambo mawili, dari lisimwangukie mama na eda yake isiharibike, na kila mtu alikuwa akinambia nichague moja.

Wa tatu alikuja na mwenzake, mtu mzima kumshinda. Wote Wakristo wa kutoka Rabai, wamerowa chapachapa, wamevuka njia ya Makupa ya kuingilia kisiwani kwa miguu kwa sababu ya maji barabarani. Nikamweleza habari ya eda, nikajitayarisha kugombana. Fundi akaniuliza, "Mama kitanda chake kiko upande gani, dada?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akapanda darini, akakaa huko kitambo, akateremka na kipande cha simenti mkononi.

"Hii nani aliweka?"

Niliweka mimi. Mwaka uliotangulia, kwa mshahara wangu wa ukarani kule Kilindini, nilifunika dari lote la chokaa kwa simenti, nikajisifu mtaa mzima. Baba alinung'unika kidogo kisha akaniachia. Fundi akaniambia taratibu kwamba nyumba ya mawe na chokaa hupumua, maji yakiingia hutoka. Simenti yangu ilikuwa imeyafungia ndani yakala boriti. Hakucheka wala hakutikisa kichwa. Nilimshukuru kwa hilo kabla hajapiga hata msumari mmoja, maana usiku ule nilijihukumu mwenyewe vya kutosha.

Kazi yenyewe ilikuwa na fundo lake. Kabla ya kufungua juu, lazima boriti zitegemezwe kwa nguzo kutoka chini, na chini ni chumbani kwa mama. Fundi akafikiri, akasema, "Sisi hatuingii. Mtazitia nyinyi. Mimi nitakuwa juu nawasikiza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilipima kwa uzi kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, nikafunga fundo, nikautoa uzi mlangoni. Yule mzee akakata nguzo kwa kipimo hicho, akaiegemeza mlangoni, akabisha, akashuka. Tukaivuta ndani, mama na mimi. Mama akaishika nguzo kwa mikono miwili, na mimi nikagonga kabari chini yake kwa nyundo, huku fundi amelala kifudifudi darini, mvuani, ameweka sikio.

"Piga tena, dada. Tena. Kidogo. Basi hapo, ukizidisha utaivunja."

Kwenye nguzo ya tatu nilijigonga kidole, nikatoa neno ambalo halifai kutamkwa nyumba yenye msiba. Mama akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi kitandani. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akicheka.

Kisha wakafunga turubali juu ya dari kuzuia mvua, na sisi tukatundika mashuka chini ya boriti ili wakifungua wasione ndani. Siku tisa walifanya kazi chini ya turubali lile. Waliibandua simenti yangu yote, wakatoa zile boriti moja moja wakatia mpya, wakapiga chokaa, na kila baada ya muda, mmoja wao akisukuma maji kwa ufagio yasiwafikie. Kila mara kabla ya kuinua jiwe, fundi aliita, "Mama, tunafungua," akangoja nimjibu. Siku moja shuka lilidondoka upande mmoja. Nilikimbia kulishika, nikamwona juu yangu, ameshika jiwe zito kifuani, maji yanamchuruzika shingoni, na uso ameugeuzia mnara wa msikiti. Hakuliweka lile jiwe wala hakugeuka mpaka nilipomwambia tayari.

Mvua iliendelea wiki nyingi baada ya wao kuondoka. Haikuingia hata tone. Mama aliswali, akalala na kuamka chini ya dari lile mpaka siku zake zikatimia.

Siku ya pili baada ya kutoka eda alivaa buibui, akaniambia nimpeleke kwa fundi. Tulimkuta kule Mbaraki, anajenga ukuta wa ghala. Nikamwita. Akageuka akitabasamu, akamwona mwanamke wa makamo kando yangu, akafahamu ni nani. Papo hapo akatugeuzia mgongo, akasimama ameuelekea ukuta wake, mwiko mkononi.

"Geuka, mwanangu," mama akamwambia. "Nimeshatoka."

Akageuka polepole, macho chini kwanza, kisha akayainua. Walitazamana, watu waliokaa siku tisa pamoja bila kuonana.

"Mume wangu nimemkalia eda yake yote," mama akasema, "kwa sababu yako."