Arbitre wa Kakoba

Ndugu zangu, aibu hii bado inaninyima raha. Mimi ni mwenyekiti wa wakulima wa maharagwe wa Juru, tena kapteni wa timu yetu ya mpira. Ukame ulipotuangusha, mnunuzi wa Kigali alitushitaki kwa kuvunja mkataba. Tukishindwa, hata mbegu zetu zingechukuliwa.

Nikiwa na hofu hiyo, karani mmoja akapiga simu. "Arbitre atawangoja Kakoba kesho. Mukuje na ekipi yenu."

Kwetu arbitre ni refa, na ekipi ni timu. Nikadhani ni mechi.

Tulifika Kakoba, mjini Mbarara, na jezi na mpira, mbio mbio. Mlango wa ofisi tuliyoelekezwa ulipofunguliwa, niliona mawakili, na yule mnunuzi. Mama mmoja akavua miwani.

"Mimi ndiye arbitre, msuluhishi wa kesi ya maharagwe. Nani atatueleza ule ukame?"

Nikasimama. Mpira ukaniponyoka kwapani, ukabiringika hadi miguuni pake.