Kiazi cha Somo la Vitenzi

Mwalimu wa Kiingereza wa gredi ya sita, pale mtaani Tuwan, hafundishi vitenzi kwa ubao peke yake. Hupangusa chaki kwenye sketi, huita mwanafunzi mbele na kumtaka akitende kitenzi chenyewe. Kwa "sleep", mtoto hulaza kichwa mezani, mikono mitupu, basi. Kwa "peel", mwalimu huchomoa kiazi kitamu cha kuchemsha mkobani, kingali na joto, maana hakuna awezaye kumenya hewa. Tena ana sheria yake: kilichomenywa hakirudi mkobani, huliwa papo hapo. Wa kulala hubadilika kila siku. Wa kumenya ni Chelimo tu, ambaye mwalimu, kwa ulimi wake wa Bungoma, humwita Cherimo, na ambaye huja shuleni na daftari bila chakula. Nakhungu, anayeketi naye dawati moja, alichukua wiki mbili kuling'amua hilo.

Jumatatu, mwalimu alipotaja "peel" tena, Tonny wa dawati la nyuma alinung'unika, "Aii mwalimu, si hii tulimaliza kitambo? Hata mtihani tulipita." Mkono wa mwalimu ukakwama mkobani. Chelimo akainamisha macho. Ndipo Nakhungu, aliyepata alama zote katika mtihani huo, akainua mkono.

"Mimi bado sijashika, mwalimu."

Mwalimu akamtazama, akapangusa chaki kwenye sketi.

"Haya, Cherimo," akasema, "kuja tumwonyeshe Nakhungu."