Mkono wa Nyakio Ndani ya Gunia

Kwa miaka ishirini na mitatu Nyakio alinunua mahindi pale Ziwa, senta ndogo nje ya Eldoret, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuwa na mashine ya kupima unyevu. Mkulima alifungua gunia, Nyakio akakunja mkono wa sweta, akazamisha mkono wa kulia hadi karibu na kiwiko, kisha akasema neno moja. "Imekauka." Au: "Anika." Mahindi mabichi, alikuwa akieleza wanaouliza, huwa na baridi katikati ya gunia hata jua likiwa kali, na punje zake hung'ang'ania ngozi badala ya kuteleza kati ya vidole. Wakulima walimwita Mama Cate. Wengine walimwona mkali, lakini hakuna aliyebishana na mkono wake.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili. Stoo yake ilikuwa ya mbao na mabati, kando ya barabara, na ndani yake alifanya kazi na mtu mmoja wa kudumu, Kipkirui, aliyebeba magunia na kuyashona tangu akiwa kijana. Sasa Kipkirui alikuwa na miaka arobaini na watoto watano, na bado hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alasiri moja mwishoni mwa Mei ilinyesha mvua ya mawe yenye upepo. Bati moja la paa lilichomoka upande mmoja likaanza kupigapiga, na maji yakaingia juu ya magunia. Nyakio alipanda juu ya rundo, akalishika bati kwa mkono ili Kipkirui alete ngazi na misumari. Upepo ukalivuta. Bati liliteleza kiganjani likamkata kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, pale ambapo watu hupimwa mpigo wa moyo.

Kipkirui aliufunga mkono kwa shuka ya kubebea mtoto aliyoazima duka la pili, akauinua juu, na jirani mwenye pikapu akawapeleka mjini Eldoret. Nyakio alikumbuka baadaye kwamba njia nzima hakuhisi maumivu makali. Alichohisi ni kwamba kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa kama vya mtu mwingine.

Walimpasua asubuhi iliyofuata. Daktari alimweleza kwamba kano mbili zilikuwa zimekatika, na pia mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Vyote vilikuwa vimeshonwa. Kano zingeshika katika wiki chache. Mshipa wa fahamu ungeota upya kutoka kwenye kifundo kuelekea vidoleni, milimita moja kwa siku, ikiwa mambo yangeenda vizuri.

"Milimita moja," Nyakio alisema. "Hata mahindi yanaota haraka kuliko hiyo."

Kwa kuwa alitakiwa hospitalini mara mbili kwa wiki, alihamia kwa binti yake Cate, mwalimu wa chekechea aliyepanga nyumba ya vyumba viwili mtaani Kimumu, hapo hapo mjini. Huko ndiko alikovalia gango la plastiki lililokunja kifundo chake kwa wiki sita, na huko ndiko alikojifunza kufunga kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na meno.

Mtu aliyemshughulikia mkono aliitwa Wakoli. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya kazi, anayeifundisha mikono iliyoumia kufanya kazi tena, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, na chumba chake kilikuwa na meza, viti vya plastiki, na rafu iliyojaa vitu ambavyo Nyakio aliviona kuwa vya kuchezea watoto. Siku ya kwanza Wakoli hakumgusa mkono. Aliuliza tu.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nanunua mahindi."

"Sawa. Na huu mkono wa kulia, kwa hiyo kazi, unafanya nini hasa?"

Nyakio alidhani hajasikia vizuri. "Unapima mahindi. Naingiza kwa gunia, najua kama imekauka."

Wakoli aliacha kuandika. Alitaka kujua anahisi nini kwanza, baridi au ngozi ya punje, na kwa kidole kipi. Nyakio hakuwa amewahi kufikiria ni kidole kipi. Alifumba macho, akaupeleka mkono wa kushoto hewani kama uliokuwa ndani ya gunia, na baada ya muda akasema, "Hiki cha shahada, na gumba. Vingine vinasindikiza."

"Hivyo viwili ndivyo vimekatiwa laini, kama ya simu," Wakoli alisema. "Tutavitafuta."

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kano. Kukunja vidole kwa kusaidiwa na mkono mwingine, mara kumi, kila baada ya saa chache. Kupaka kovu mafuta na kulisugua ili lisigande. Nyakio alifanya alichoambiwa, bila kulalamika na bila kuamini sana. Jambo lililomtisha ni jingine. Jumapili moja mwezi wa Julai alikuwa jikoni kwa Cate akisubiri maziwa yachemke. Alisikia harufu ya kitu kuungua, akadhani maziwa yamemwagika. Cate aliingia akapiga kelele. Vidole vya mama yake vilikuwa vimeegemea ukingo wa jiko la makaa, na ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imeshakuwa nyeupe.

"Hata sikujua," Nyakio alimwambia Wakoli siku ya pili.

Wakoli alisafisha kidonda. "Kwa sasa utumie macho, Mama. Kama hukioni hicho kidole, usikiache popote."

Kufikia Oktoba mkono ulikuwa unashika. Uliweza kubeba ndoo nusu, kufungua mlango, kushika kijiko. Kidole gumba kilikuwa dhaifu, na nyama ya chini yake ilikuwa imepungua, lakini mtu asiyejua angemwona Nyakio sokoni asione tofauti. Wakoli alipogonga kidogo katikati ya kiganja, msisimko kama wa siafu ulikimbia kuelekea vidoleni. Alimwambia mshipa umefika hapo, kwenye kiganja, bado haujafika ncha. Nyakio alisikia sehemu ya kwanza ya habari hiyo. Mavuno yalikuwa yameanza. Alirudi Ziwa, na miadi mitatu iliyofuata hakuihudhuria.

Siku yake ya kwanza stoo ilijaa watu. Wengine walikuja kuuza, wengine kumjulia hali, na wote walitazama mkono. Mzee Kipngetich alikuwa amekuja na trekta na magunia thelathini. Alikuwa amevuna mapema kwa sababu alihitaji shamba liwe wazi, naye alijua vizuri kwamba mahindi yake hayajawa tayari. Alikuja na turubai kabisa, amelikunja juu ya magunia, akitarajia kuambiwa aanike hapo nje kama miaka mingine.

Nyakio alikunja mkono wa sweta. Watu walisogea karibu. Alizamisha mkono wa kulia, akasubiri. Kidole kidogo kilimletea kitu, nusu ya kile cha pete ikaleta kidogo, na kule vilikokuwa vile vingine hakukuwa na kitu, si baridi wala joto. Mkono wa kushoto ulikuwa pale, mzima. Hakuutumia.

"Imekauka," alisema.

Mzee Kipngetich alimtazama, akatazama turubai, akalipeleka nyuma ya trekta. Kipkirui akaanza kubeba.

Wiki tatu baadaye harufu ilimpokea mlangoni. Kipkirui alikuwa tayari ameshusha magunia ya juu. Yale ya kati yalikuwa ya moto ukiyagusa, na lilipofunguliwa la kwanza, punje zilitoka zimeshikana kama mabonge, zikiwa na ukungu wa kijani. Magunia ya mkulima mwingine yaliyopangwa pamoja nayo yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu pia.

Nyakio alivunja bonge moja kwa mkono wa kushoto. Kisha akauliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua nikibeba," Kipkirui alisema. "Gunia lilikuwa zito."

"Na ukanyamaza."

"Watu walikuwa wengi, Mama Cate."

Nyakio aliinama. Alichukua punje moja, akaiviringisha kati ya gumba na kidole cha shahada akiitazama, kwa sababu bila kuitazama asingejua kama bado ipo. "Siku ingine sema," alisema mwishowe. "Hata kama ni askofu amesimama hapa. Useme."

"Sawa."

Mahindi yenye ukungu ule hayafai mtu, na hata ng'ombe hapewi. Waliyafukia nyuma ya stoo, siku mbili za kazi. Mtu mmoja alimshauri amshtaki Mzee Kipngetich kwa chifu. Nyakio alikataa. Alisema mzee alileta mahindi mabichi na hakumficha mtu. Aliyesema yamekauka ni yeye.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Wakoli kabla hakujafunguliwa. Alimweleza kila kitu, hata ile ya mkono wa kushoto. Wakoli alisikiliza, kisha akavuta kiti.

"Tuendelee," alisema.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya polepole kuliko ile ya kano. Desemba hisia zilianza kufika vidoleni, lakini zilifika vibaya. Wakoli akimgusa kidole cha kati, Nyakio alisema ni cha shahada. Pamba ilimchoma, msasa ukawa kama maji. Wakoli alimweleza kwamba nyaya zimerudi ila si kila moja imeingia kwenye tundu lake la zamani, na kichwa ndicho kitakachojifunza upya. Kwa hiyo: kufumba macho, kugusa, kukisia, kufumbua, kutazama, kufumba tena. Kitambaa cha gunia. Sabuni. Kifungo. Funguo. Alirudi kukaa kwa Cate, akafanya hivyo mezani kila asubuhi, robo saa, na mara mbili alilia kwa hasira huku Cate akijifanya anatafuta chaki.

Hospitalini, mwishoni mwa zoezi kulikuwa na karai la mahindi. Wakoli alificha ndani yake nati, kijiko, jiwe, na mgonjwa alitakiwa kuvipata bila kutazama. Mahindi yale yalikuwa ya zamani, yametobolewa na fukusi, na siku ya kwanza Nyakio alimwambia hayo ni aibu.

Siku moja ya Februari aliingiza mkono kwenye karai, akautoa, akauingiza tena.

"Umebadilisha mahindi."

"Ndiyo," Wakoli alisema. "Jirani yangu wa Kiplombe alinipa kidogo. Ile ingine ilikuwa imeisha kabisa."

"Haijakauka."

Wakoli aliweka kalamu chini. Nyakio alitia punje mdomoni akaiuma, haikulia, ilibonyea. Aliitema kwenye kitambaa. "Mwambie aanike siku tatu, la sivyo itamharibikia."

"Umejuaje kabla ya kuuma?"

"Ni baridi." Alikiinua kidole cha shahada, kile chenye alama ya kuungua. "Hapa."

Wakoli aliandika tarehe kwenye kadi ya Nyakio, na chini yake mstari mmoja. Kisha alimwambia atafute ile nati.

Mkono haukurudi wote. Asubuhi za baridi mwezi wa Julai kidole cha shahada bado hufa ganzi, na Nyakio huvaa glavu ya sufu hadi saa nne. Sindano ya magunia hawezi kuisukuma; hiyo ni kazi ya Kipkirui. Stooni sasa kuna mashine ndogo ya kupima unyevu, na utaratibu ni kwamba Kipkirui anapima kwanza na kusema kwa sauti, mbele ya kila mtu, kisha Nyakio anaingiza mkono. Mara nyingi wanakubaliana. Wasipokubaliana wanaisikiliza mashine, jambo ambalo Nyakio hulifanya uso ukiwa umekunjamana.

Mwezi wa Machi, wiki chache baada ya siku ile ya karai, Nyakio alienda benki mjini, na karani akamrudishia karatasi. Sahihi haikufanana na iliyo kwenye rekodi. Nyakio alimwonyesha kovu. Karani aliita mkubwa wake, mkubwa akaleta fomu, na Nyakio akaketi kwenye kiti cha wateja akaandika jina lake mara tatu, polepole, kalamu akiishika karibu na ncha. Sahihi mpya ni fupi na imelala upande wa kushoto. Mkubwa aliuliza kama ataweza kuirudia vilevile.

"Nipe karatasi nyingine uone," Nyakio alisema.