Tanzia ya Zahanati

Abdi Mgaza alikuwa shambani anapalilia mihogo aliposikia Abdi Mgaza anatangaza msiba. Akafanya kile ambacho kila mtu wa kijiji chao, mbele kidogo ya Kwaluguru, hufanya akiisikia sauti ile: akaweka jembe begani akaenda kuzika. Alikuwa amefika nusu ya njia ndipo akasimama ghafla. Kama natangaza kule, huku anayetembea ni nani?

Mtu huyu hakuwa na mali. Mahindi yake yalikauka ya wenzake yalipokauka, na wenzake walipovuna, yake yalikauka vilevile. Lakini Mungu alimpa koo. Tangu ujanani, mtu akifa, Abdi ndiye huzunguka kwa baiskeli na kipaza sauti cha serikali ya kijiji: jina la marehemu, wafiwa, saa ya maziko. Hakuwahi kukosea. Kuna mzee mmoja aliyewahi kuliliwa na ukoo mzima, Abdi akagoma kumtangaza mpaka amwone kwa macho yake. Alipoinama kumtazama, maiti akaomba uji. Tangu siku hiyo watu wakasema, Abdi akikutangaza umekufa, usibishe.

Sasa alipofika uwanjani alikuta watu wamejaa. Wanawake wameshatua unga na kuni, moto unawaka, maharage yamo sufuriani. Wanaume wako na majembe wanaulizana kaburi lichimbwe wapi. Pembeni, karibu na kipaza sauti, amesimama Faudhia, binti wa dada yake, mwenye kibanda cha simu pale Segera. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, na uso umempauka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Zahanati, mjomba."

Ilikuwa hivi. Faudhia alipata ripoti ya ukaguzi wa miradi, nene kama godoro, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuimaliza bila kusinzia. Akaona aibu kitu cha wananchi kulala kwenye karatasi, akaiambia akili mnemba ya kwenye simu iifupishe na kuisoma kwa Kiswahili cha watu. Mashine ikataka sauti ya kuiga. Juzi tu alikuwa amemwambia mjomba wake, "Niazime sauti yako," naye akajibu, "Chukua, mradi uirudishe." Mjomba akadhani ni mzaha. Tatizo ni kwamba sauti zote za Abdi alizokuwa nazo Faudhia simuni zilikuwa tanzia. Mashine ikajifunza kuwa mtu huyu akifungua kinywa, kuna aliyekufa.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," ndivyo ilivyoanza, kwa majonzi ambayo hata Abdi mwenyewe hakuwahi kuyafikia. "Inatangazwa habari ya zahanati ya kijiji, ambayo kwa mujibu wa karatasi ilikamilika na ikaanza kutibu watu. Wakaguzi walipokwenda kuiona, hawakuiona. Walikuta kichaka na mbuzi. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, popote walipo."

Faudhia alikuwa anajaribu tu kwenye kipaza sauti. Lakini alikwisha kuirusha pia kwenye magrupu ya WhatsApp, na msiba hauulizwi mara mbili. Waliosikia nusu ya kwanza hawakungoja ya pili. Watu wa Makuyuni walikuwa wameshapanda bodaboda. Jatin, mwenye duka la vitambaa Korogwe, alifika na gari lake na jora la sanda, maana ndiye huwauzia siku zote.

"Pole sana, Mzee Abdi. Marehemu ana urefu gani?"

"Vyumba vinne na choo," akajibu Faudhia, akisoma simuni.

Jatin akalitazama jora lake, akasema hilo halitatosha, labda atume Tanga. Shehe naye alikuwa akijadiliana na wazee kama zahanati ile ilikuwa Mwislamu.

Abdi hakucheka. "Faudhia, umenimaliza! Kesho akifa mtu kweli nikapita na baiskeli, watasema mashine hiyo. Nani atakuja kuzika?"

Kabla hajajibiwa, akaja Ernesti, mtendaji wa kijiji, jasho linamtiririka.

"Mzee Abdi, shika kipaza sauti. Waambie ni makosa ya mashine, zahanati iko salama, warudi nyumbani."

"Iko salama wapi, mtendaji?"

"Wewe sema tu. Usiposema, kipaza sauti ni cha kijiji, utakirudisha leo hii, na kazi atapewa mwingine."

Abdi akageuka akaondoka, watu wakidhani amekasirika. Alikwenda hadi kwenye kiwanja cha zahanati, nyuma ya shule, akapenua kichaka. Mbuzi akamtazama, akaendelea kutafuna. Abdi akakizunguka kiwanja chote taratibu, kama anayemtafuta mgonjwa, kisha akarudi.

Akakichukua kipaza sauti. Watu wakatulia, hata waliokuwa wakikoroga sufuria.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Aliyetangaza mwanzo ni mashine. Anayetangaza sasa ni Abdi Mgaza, nimekwenda nimeona. Msiba ni wa kweli. Maziko hayatakuwepo, kwa sababu mwili haujapatikana. Anayejua ulipo, aje amwambie mtendaji."

Kisha akamkabidhi Ernesti kipaza sauti chake, kwa adabu, kwa mikono miwili.

Wanawake waliokaa jamvini walisogea wakabana, wakaacha nafasi pale mbele, mahali anapokaa mfiwa wa karibu kabisa. Mmoja wao, Bi Mashavu, akapapasa jamvi kwa kiganja, akamtazama Ernesti, akamwambia kwa upole, "Pole, baba. Karibu ukae."