Nilivyoizuia DNS yetu ya Pipeline isijibu watu wa nje

Wakuu, hamjambo. Mimi husoma tu humu bila kuandika, maana huandika polepole. Leo nimekaa chini niwaeleze jambo lililonipata mwenyewe, bila kuongeza chumvi.

Mimi na dada yangu Nekesa tunauza WiFi kwa majengo mawili ya flati hapa mtaani Pipeline. Yeye huongea na wateja, mimi nashughulika na mitambo. Shule niliishia darasa la nane, haya mengine nimejifunzia kwenye simu.

Tuna server ndogo ya DNS. Ukiandika jina la tovuti, hiyo ndiyo inatafuta namba yake ili ukurasa ufunguke.

Juzijuzi kampuni inayotupa laini ya intaneti ikatuandikia. Server yetu inajibu kila anayeuliza duniani, na wahuni wanaitumia kuwarushia watu mafuriko ya majibu ambayo hawakuomba. Tusiporekebisha, laini inakatwa.

Laini ikikatwa, sisi hatuna kazi.

Jumapili asubuhi nikaikalia. Nikaandika sheria: anwani za ndani, yaani namba za vifaa vya mtandao wetu, zijibiwe, zingine zote zikataliwe. Kwetu kila kitu kikafunguka. Nikajisifu kimoyomoyo.

Nilikuwa nimeharakisha. Mama Brayo wa flati ya ng'ambo akatokea kwenye balcony yake.

"Wewe wa WiFi! Ibada haifunguki! Unataka niombe na router?"

Si mnajua huku kwetu waya hupita juu ya barabara, balcony hadi balcony. Tulipounganisha flati yao niliipa anwani zake tofauti, na kwenye sheria nikazisahau. Server ikamwona mgeni.

Nikaziongeza.

"Imeingia!" akapaza sauti. "Mchungaji ndiye huyu!"

Ikabaki kujaribu kutoka nje. Nikazima WiFi kwenye simu, nikawasha bundles za simu ili niwe kama mtu wa nje, nikaiuliza server yangu jina la tovuti. Ikajibu: REFUSED.

Nikacheka. Nekesa akachungulia simu.

"Umekataliwa na bado unacheka?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, dada. Sasa inajua watu wake."

Kesho yake kampuni ikapima, ikasema tuko sawa, laini inabaki. Nekesa akawatangazia wateja kwamba fundi ni mimi. Niliona haya, lakini wakuu, siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Nilichojifunza: kabla hujafunga mlango, jua wote walio wako. Ukishafunga, toka nje ujaribu kuingia.

Wenye server humu, yenu mmewahi kuijaribu kutoka nje? Ilijibu nini?