Majani Makavu ya Barabara ya Tunduru

Siku mume wangu alipolileta lile gari nyumbani Mfaranyaki, majirani walitoka nje kulitazama, mimi nikaingia ndani kulia. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limekaa chini hata kuku asingepita uvunguni, na liliunguruma hata likiwa limesimama. Nilimjua mwanamume aliyenioa. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa usukani.

Si kwamba alikuwa mzembe, na hapo ndipo uchungu wangu ulipokuwa. Pombe hakugusa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hatujaenda Namasakata kumwona mama yake, alipiga magoti kukagua matairi, akajaribu breki, akahakikisha nimefunga mkanda. Kisha alisoma dua ya safari, na tukishaiacha Songea alikanyaga mafuta kana kwamba ile dua ni kibali. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema mkuu wa nyumba ni yeye. Nikamnunia mpaka Namtumbo, lakini kununa hakupunguzi mwendo.

Dada yangu aliniuliza kwa nini nilikuwa napanda. Mwalimu mzima, si nibaki nyumbani nisahihishe madaftari? Lakini nilikuwa na hoja yangu: nikiwa kando yake atapunguza, kwa sababu hawezi kumuua mama wa watoto wake. Basi watoto niliwaacha kwa jirani, nikakaa pale nimeng'ang'ania mlango, na kila kona nikimwomba Mungu wangu na wake. Niliogopa, na bado nilikwenda.

Jumamosi moja, tulipokuwa tumeipita Namtumbo, gari lililotoka mbele lilituwashia taa. Madereva huambiana hivyo kwamba kuna trafiki. Mume wangu akapunguza, akapita kijijini kwa adabu kama bwana harusi. Trafiki hatukumwona. Akasema wameshaondoka, akaongeza moto.

Mbele kidogo tukaona majani yametandazwa barabarani. Kila mtu anajua maana yake: kuna gari limeharibika. Lakini kila mtu anajua pia kwamba gari likitengemaa, dereva huondoka zake na kuyaacha majani palepale. Kwa hiyo madereva wetu huyasoma. Yakiwa mabichi, shika breki. Yakiwa makavu, pita. Haya yalikuwa makavu, rangi ya tumbaku.

"Ya zamani hayo," akasema.

Nilimwomba apunguze. Nikamwomba tena, nimemshika mkono. Tukapanda kilima, na upande wa pili palikuwa na lori la korosho limesimama kwenye njia yetu, na basi linakuja.

Sauti siikumbuki. Nakumbuka zile breki alizozijaribu asubuhi zikishika kwelikweli, mkanda ukinikata bega, kisha nyasi ndefu zikipiga kioo. Tulisimama porini, wazima, na kichuguu kiko mbele ya boneti, karibu kiasi cha kukigusa.

Dereva wa lori, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa nyuma ya tela akisonga ugali. Alikuja mbio na mwiko mkononi. Mume wangu alimwamkia kwanza shikamoo, ndipo akamuuliza kwa nini ameweka majani makavu.

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Niliyakata mabichi, mwanangu," akasema. "Nimekaa hapa nangoja spea mpaka yamekauka."

Mume wangu akaazima panga, akakata matawi mabichi, akayatandaza pande zote mbili za kilima. Aliporudi alikaa kwenye nyasi karibu nami, akalia. Nami nikaona wakati ndio huu, nikamweleza yote. Kwamba gari lile nalichukia. Kwamba napanda ili apunguze, na kila Jumamosi naiweka roho yangu pale iwe breki yake.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Mama watoto, nikiwa peke yangu huwa siendi hivi," akasema. "Naogopa. Ukiwepo ndipo napata moyo, maana najua macho yako yapo."

Safari zote zile, na ule mguu uliokanyaga mafuta nilikuwa nikiusukuma mimi.

Tangu hapo sipandi. Anakagua matairi, anasoma dua, anapiga honi moja na kuondoka peke yake. Nasikiliza mlio mpaka unapotelea mwisho wa mtaa, na mpaka hapo huwa ni mwendo wa taratibu kabisa. Zaidi ya hapo sina shahidi. Labda alisema kweli. Labda alisema tu ili nisibaki na kinyongo, au ili nibaki nyumbani. Ijumaa iliyopita usiku nilimsihi auze gari, akaniambia nimwamini.

Kwa mwendo wa mtu mwenye akili, ukitoka kwetu asubuhi unafika kwa mama yake adhuhuri. Jumamosi iliyopita, asubuhi, nilikuwa bado nachambua maharage ya mchana, hata sijayabandika, simu ikaita. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alisema nisiwe na wasiwasi, ameshafika.