Idarus Aliyempigia Chui Hodi

Watu wa mtaa wa Mountain View wakimwona Idarus asubuhi anatoka nyumbani, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi inakata, husema ustadhi huyo anakwenda kusomesha watoto Kurani. Wengine humsimamisha kando ya barabara awaombee dua. Naye huwaombea, kwa nini asiwaombee? Kisha hupanda gari, hushuka akishapita Uthiru, hukata kushoto kwenye njia ya vumbi, na akifika langoni kwa mwajiri wake huivua ile kanzu, huikunja vizuri, huvaa gunia. Gunia hasa, la mahindi, lenye matundu mawili ya macho, limepakwa kinyesi cha ng'ombe. Hiyo ndiyo sare. Ustadhi wenu kazi yake ni kulea chui.

Msidhani alizaliwa na wito. Hakuna mtoto wa Lamu anayelala akaota siku moja atanuka zizi. Idarus alikuwa akiuza makufuli na bawaba River Road, dukani kwa mjomba wake, kwenye kichochoro ambacho huwezi kusimama ukajikuna bila kugongwa na mkokoteni. Siku moja kituo cha kuokoa simba na chui kikaagiza makufuli makubwa ya vizimba. Akayapeleka mwenyewe, akayafunga mwenyewe, na alipomaliza akamwona simba mmoja mzee, Sultani, amelala chali, miguu juu, kama paka wa jikoni. Akacheka hadi wenye kituo wakamuuliza kama angependa kazi. Kumbe mjomba naye alikuwa amekwisha kuliuza duka kimyakimya bila kumwambia mtu. Basi Idarus alikwenda kufunga makufuli, akabaki ndani.

Sasa tuje kwa huyo chui. Alitoka Spring Valley, kwenye jumba la bwana mmoja mwenye bwawa kubwa na haya kidogo. Alimnunua angali saizi ya kiatu, akamvisha mkanda wa kumetameta shingoni, na mkewe akawa anampiga picha akinywa maziwa kwenye bakuli la kaure. Wageni wakija wanambeba, wanambusu, jamani mzuri, jamani kama mwanasesere. Kisha mwanasesere akala kochi. Akala mapazia. Siku alipokula kijibwa cha jirani, wenyewe wakapiga simu wakilia, wanataka waondolewe huyo mnyama. Ati hawakujua. Ati hakuna aliyewaambia kwamba mtoto wa chui akikua anakuwa chui! Watu wamesoma hadi ng'ambo, vyeti vimejaa ukutani, walitarajia atakua awe nini, mbuzi?

Mkuu wa kituo, Daktari Veronicah, mama mfupi asiyecheka kabla ya kunywa chai, alimkagua yule mtoto, jike, akasema bado ni mdogo, anaweza kurudi porini. Ila kwa masharti. Asipewe jina. Asishikwe. Asisikie sauti ya binadamu, hata kikohozi. Anayempelekea chakula avae gunia, anuke ng'ombe, na anyamaze.

"Chui akipenda watu amekwisha," aliwaambia. "Hatuwezi kumwachilia. Atakaa kizimbani mpaka siku ya kufa kwake."

Na mfano haukuwa mbali. Sultani, yule aliyemchekesha Idarus, akiamka hakuwa na kazi nyingine ila kutembea kando ya waya, toka mtini hadi mlangoni, toka mlangoni hadi mtini, mpaka ardhi ikachimbika mfereji. Huyo utotoni alikuwa akicheza mpira na watoto wa tajiri mwingine. Tuna bahati ya matajiri nchi hii.

Idarus akakubali masharti yote. Asubuhi ya kwanza akajitia gunia, akabeba nyama, akafika mlangoni, mkono kwenye kufuli. Mkono ukagoma. Jamani, mtu kalelewa Lamu, na mama kama Bi Mahira, aliyekuwa akimchapa kwa kuingia hata chumbani kwa dada zake bila kubisha! Utaingiaje nyumbani kwa mtoto wa kike, tena mgeni, tena yatima, hata hujasema neno? Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaisogeza midomo karibu na waya.

"Hodi," akanong'ona.

Kimya. Hapo ikawa balaa jingine, maana adabu hiyohiyo inasema ukibisha mara tatu usiitikiwe, uondoke zako. Akabisha ya pili. Akabisha ya tatu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Huko ndani ya majani sikio moja likasimama. Idarus, kwa elimu yake, akaamua hiyo ndiyo karibu.

Ikawa hivyo kila siku. Hodi, kisha nyama. Hodi, kisha nyama. Na alijiona mjanja kweli, kwani kilichokatazwa ni maongezi, na hodi si maongezi, ni adabu tu. Baadaye adabu zikazaa umelalaje. Umelalaje ikazaa leo kuna baridi mwanangu, usikae kwenye umande. Mwenzake wa zamu, Zadock Oyoo, mtu wa Siaya mwenye mdomo usio na breki, alimsikia mapema sana.

"Ustadh, uko na nani huko ndani?"

"Nasoma nyiradi zangu, dua za asubuhi."

"Nyiradi gani hiyo inauliza mtu kama amelala poa?"

Lakini Zadock hakumchongea. Nyumbani nako mkewe, Waridi, alikuwa amekwisha kumsoma. Mume anarudi anatabasamu peke yake, anakula wali bila kulalamika chumvi, kuna nini tena? "Umeshashiba kwa bi mdogo wako?" alikuwa akimuuliza. "Leo kakupikia nini?" Idarus hucheka tu, akanawa mikono.

Chui akakua. Akajifunza kukamata sungura waliotiwa humo ndani, akajifunza kuburura paja la mbuzi hadi juu ya mti. Siku ya mtihani ikafika, wakaja wakaguzi wa wanyamapori. Mkubwa wao, Bwana Obuya, alikuwa na sura ya mtu aliyeamka na neno hapana mdomoni. Wakasimama kando ya waya. Chui haonekani. Wakakohoa, chui haonekani. Wakapiga makofi, wakagonga nguzo, wakaitana kwa majina, hata jani halikutikisika. Obuya akaanza kutabasamu. Daktari Veronicah akaanza kupumua. Idarus ndani ya gunia lake alikuwa amevimba kwa fahari.

Kumbe kulikuwa na mkaguzi wa tatu, aliyebaki nyuma kuegesha gari. Anaitwa Muzammil, mtoto wa Mombasa, kalelewa vizuri, Mungu awabariki wazazi wake. Akafika kwenye lango la nje akaona watu wamempa mgongo. Sasa mtu mwenye malezi atafanyaje?

"Hodi jamani!"

Majani yakapasuka. Chui alikuja mbio, mkia juu, akaugonga waya kwa bega, akajitupa chali mbele ya viatu vya serikali na kuonyesha tumbo lote.

Zadock akatazama mawingu. Muzammil alikuwa amekwisha kurudi garini, sijui kwa miguu ya nani.

"Huko tunakotaka kumpeleka," Obuya alisema taratibu, "kuna maboma ya watu. Kuna shule, kuna zahanati. Mtu akipiga hodi kwa daktari, wa kwanza kuitikia awe huyu?"

Daktari Veronicah hakuuliza ni kazi ya nani. Aliyatazama magunia mawili yaliyosimama pale, moja lilikuwa likitetemeka.

Wakapewa nafasi moja tu, kabla ya mvua za vuli. Akishindwa tena ni kizimbani moja kwa moja, awe jirani ya Sultani. Wageni walipoondoka Idarus akavua gunia, uso umelowa.

"Nifukuze, Daktari."

"Nikufukuze, halafu? Yeye itamsaidia nini?" Daktari alikuwa amekasirika hadi sauti imeshuka. "Mimi nikimtisha, ataniogopa mimi. Zadock akimtisha, atamwogopa Zadock. Neno ni lako na sauti ni yako, Idarus. Wewe ndiye utakayemfanya alichukie. Na hilo gunia uvue. Auone uso wa mtu."

Basi tazama mambo. Mwaka mzima na zaidi anamlea, hajawahi kumwonyesha hata pua. Siku ya kwanza chui kuuona uso wa Idarus, Idarus kashika debe lililojaa kokoto mkono mmoja na mpira wa maji mkono wa pili.

"Hodi," akasema. Binti akaja mbio. Idarus akatikisa debe, akapiga kelele, akamfungulia maji ya baridi usoni. Chui akaruka nyuma, akajikung'uta, akakaa akamtazama, kama mtu aliyealikwa harusini akamwagiwa maji ya vyombo. Kisha akanyanyuka akarudi tena wayani, labda amekosewa kwa bahati mbaya. Idarus akammwagia tena. Akarudi tena. Afadhali angemng'ata.

Jioni ile Idarus hakula. Kesho yake alipiga debe kwa uvivu. Keshokutwa, mtu mzima huyu, ndevu zimeingia mvi, aliliacha debe nje, akasema hodi polepole, akapitisha kipande cha ini kwenye waya. Chui akala, akasugua shingo pale pale vidole vilipokuwa. Idarus akarudi nyumbani anatabasamu, akaanza kumtolea mkewe hotuba.

"Kwani akibaki kuna ubaya gani? Atakula ashibe. Hatapigwa mkuki na mtu. Nitamwona kila siku mpaka nistaafu."

Waridi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba Laila, wewe unataka aende kwao, au unataka akupende?"

"Si yote mawili?"

"Si yote mawili. Chagua."

Hapo Bwana Idarus akapandwa na hasira, kama wapandavyo wanaume wakiambiwa kweli, akasema wanawake hawajui kazi za watu, akaenda kulala kabla ya chai. Lakini asubuhi alipofika kituoni hakwenda kwa chui. Alikwenda kusimama kwa Sultani. Yule mzee alikuwa kazini, mtini hadi mlangoni, mlangoni hadi mtini, kichwa chini, hata hamtazami mtu. Idarus alisimama mpaka Zadock akaja kumuuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana. Akaenda akalichukua debe lake.

Safari hii hakufanya mchezo. Kila asubuhi hodi, na kila hodi na balaa lake: debe, maji, moshi wa pilipili, na matusi ambayo hakuyajua kama anayo. Toka! Mshenzi we! Rudi huko! Chakula chake sasa alikileta Zadock, kimyakimya, ndani ya gunia. Katika kila sala Idarus aliomba msamaha, na baada ya sala akarudi kumtukana mtoto wa watu. Chui alikuja mbio, kisha akawa anakuja akisitasita, kisha akawa anakuja hadi kwenye mti na kusimama hapo. Siku aliyobaki majanini asitoke kabisa, Daktari alimpiga Idarus begani, akamwambia kazi nzuri. Idarus akamshukuru, akaenda kulificha debe nyuma ya stoo ya nyama.

Mtihani wa pili wote walikuja, hata Muzammil, ingawa huyo alisimama karibu sana na gari. Obuya akamtaka Idarus asogee wayani. Bila debe. Bila mpira.

"Na usimfokee, mzee. Mwite vile ulikuwa unamwita zamani. Ile sauti ya mwanzo."

Idarus akausogelea waya. Alimtaka aje. Wallahi alimtaka aje, na alimwomba Mungu asije, yote kwa pumzi moja.

"Hodi," akasema, kwa sauti ileile ya dawa. "Hodi, mwanangu. Hodi."

Majani yakatikisika. Chui akatoka, mzima, mkubwa, mzuri kuliko picha zote za Spring Valley. Akapiga hatua, akasimama. Masikio yakaja mbele. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka akafika wayani, akamtazama Idarus machoni. Idarus hakupepesa.

Masikio yakalala. Midomo ikapanda, meno yote nje, na mkono mmoja ukaupiga waya sawasawa na uso wa aliyemlea. Kisha akageuka akapotea, mahali pakawa kama hapajawahi kuwa na chui.

Obuya akapiga makofi. "Amepita! Aisee, umeona hiyo? Huyu mnyama anamchukia! Anamchukia kabisa! Hongera sana, mzee."

"Alhamdulillahi," Idarus akasema, na aliisema kwa moyo wake wote. Lakini hakubanduka pale wayani. Machozi yalikuwa yakimtiririka ndevuni mbele ya serikali nzima, na Zadock akaja akamshika mkono kama unavyomshika mtu msibani.

Obuya akamwinamia Daktari, akamuuliza kwa sauti ya chini kama huyo mzee hajafurahi.

"Amefurahi," Daktari akasema. "Mwache afurahi."